Kwa nini kosa dogo huua: gari, bodaboda na baiskeli katika njia moja

Taarifa ya ajali inaposomwa redioni, chanzo huwa kimeshapatikana hata kabla gari halijavutwa: uzembe wa dereva. Pengine inaongezwa kwamba mwendesha baiskeli aliingia barabarani ghafla. Basi, jambo limekwisha. Marehemu anazikwa, dereva anafikishwa mahakamani au anatokomea, na kesho yake barabara ileile, yenye kivuko kilekile kilichofutika rangi, inapokea watu walewale kwa mwendo uleule.

Uzembe upo, na yeyote anayepita barabara za Dar es Salaam anaujua kwa sura zake zote: daladala inayochomekea bila indiketa, mwenye gari dogo anayetanua juu ya njia ya waenda kwa miguu ili akwepe foleni, bodaboda anayekatiza taa nyekundu huku simu imebanwa ndani ya kofia, mwendesha baiskeli anayekuja uso kwa uso na magari usiku bila taa. Watu hawa wanatuhatarishia maisha na hawana udhuru. Lakini uzembe peke yake hauelezi kwa nini kosa lilelile mahali pengine huishia kwenye matusi na kioo kilichovunjika, na mahali pengine huishia msibani. Tofauti hiyo inatokana na mambo yanayopimika: mwendo, uzito, sehemu ambazo macho ya dereva hayafiki, na namna barabara yenyewe ilivyojengwa. Anayeyajua haya hujilinda vizuri zaidi, na hujua pia adai nini na kwa nani.

Ukubwa wa tatizo haubishaniwi. Katika ripoti yake ya mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021. Zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Asilimia 92 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambazo zina kama asilimia 60 tu ya magari yote duniani. Na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna maradhi wala janga linaloua kuliko barabara.

Mita kumi na tatu

Tuanze na mwendo, maana ndio unaobeba mengine yote.

Mwanafunzi ameshuka kwenye daladala na anavuka kwa kupitia mbele yake. Anapojitokeza tu, gari linalokuja lipo mita 13 kutoka alipo. Dereva ni mtu makini, hajalewa, hajashika simu. Hata hivyo, tangu jicho lione mpaka mguu ukanyage breki hupita kama sekunde moja, na katika sekunde hiyo gari linaendelea kwenda.

Kama lilikuwa kwenye kilomita 30 kwa saa, litakuwa limekula mita 8 kabla ya breki kushika. Kwenye lami kavu, na matairi yakiwa mazima, breki zitahitaji mita nyingine 5 hivi. Jumla 13. Linasimama miguuni pa mtoto. Anashtuka, dereva anafoka, wote wanaenda nyumbani.

Kama lilikuwa kwenye kilomita 50, sekunde ile ya kwanza peke yake imemeza mita 14. Maana yake gari linamfikia mtoto kabla dereva hajagusa breki kabisa. Anagongwa kwa mwendo kamili wa kilomita 50. Dereva ni yuleyule, umakini ni uleule, breki ni zilezile. Ukitaka kuelewa kipigo hicho, ni sawa na kuanguka kutoka juu kiasi cha mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Cha kilomita 30 ni sawa na kuanguka kutoka juu ya paa la nyumba ya kawaida.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Tunadhani kutoka 50 kwenda 80 umeongeza "kidogo tu", zaidi ya nusu. Lakini nguvu ya kugonga hukua kwa mraba wa mwendo: kwenye 80 ni mara mbili na nusu ya ile ya 50. Umbali wa kusimama nao unatoka kama mita 28 hadi karibu 57. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema kila mwendo wa wastani unapopanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo hupanda kwa kama asilimia 4. Mwendo ukiongezeka kidogo, misiba huongezeka mara kadhaa ya hapo.

Simu nayo iingizwe kwenye hesabu hiyohiyo. Anayesoma ujumbe kwa sekunde mbili akiwa kwenye 50 ameendesha mita 28 akiwa kipofu. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angekubali kufungiwa kitambaa machoni akipita mbele ya shule, lakini hicho ndicho kinachofanyika.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na magari yenye uzito wa zaidi ya tani tatu na nusu, mabasi na malori yakiwemo, hayaruhusiwi kuvuka 80 popote. Kila dereva anajua. Anajua pia trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo anakaa wapi, na asipojua, wenzake watamwashia taa kutoka upande wa pili kumwonya. Atapunguza mwendo kwa umbali wa kilomita mbili tatu, atapita kwa adabu, kisha atakanyaga tena. Kwa hiyo tochi hudhibiti mwendo pale ilipo. Watu wa kijiji cha mbele, ambako hakuna tochi wala tuta, hawana ulinzi wowote zaidi ya huruma ya dereva.

Pale ambapo dereva hakuoni

Waendesha baiskeli na bodaboda wengi wanaishi kwa imani moja: mimi namwona, basi naye ananiona. Imani hii imeua watu wengi, na lori ndilo linaloifichua vibaya kuliko chombo kingine.

Sisi tunaendesha kushoto na dereva anakaa kulia. Kwenye lori refu yuko juu sana, na upande wake wa kushoto kuna eneo kubwa, kuanzia usawa wa mlango wa abiria hadi nyuma ya matairi, ambalo vioo vyake havilifikii au vinalionyesha kwa kipande tu. Eneo hilo ndilo mwendesha baiskeli hupewa na barabara zetu: ukingo wa kushoto. Kwenye foleni ya barabara ya Mandela, ambako malori ya bandarini hupita mchana na usiku, utaona baiskeli na bodaboda zikipenya kati ya lori na ukingo wa njia kana kwamba nafasi ile imetengwa kwa ajili yao.

Sasa lori linataka kukata kushoto. Kwa urefu wake haliwezi kukata moja kwa moja, kwa hiyo dereva anajivuta kwanza kulia ili apate nafasi. Aliye nyuma anaona mwanya umefunguka upande wa kushoto na anadhani amepewa njia. Anaingia. Kisha kichwa cha lori kinageuka, na trela linafuata kwa kukata ndani zaidi, kwa sababu matairi ya nyuma hayapiti yalipopita ya mbele. Hupita karibu zaidi na kona. Mwanya unafungwa kuanzia mbele na nyuma kwa pamoja. Hata dereva bora kabisa anaweza kugundua kwa kusikia watu wakipiga kelele.

Kanuni ya kujiokoa hapa ni fupi: lori likiwa karibu na njia panda, usiwe ubavuni mwake. Kaa nyuma, mahali unapoiona sura ya dereva kwenye kioo chake cha pembeni. Usipoiona sura yake, naye hakuoni wewe. Foleni itakuchelewesha dakika chache, vumilia.

Kuna na malori ya safari za nje. Bandari ya Dar es Salaam inahudumia Rwanda, Burundi na Kongo, nchi ambazo magari huendeshwa upande wa kulia, na baadhi ya malori yanayotoka huko yana usukani wa kushoto. Likija nyuma ya gari jingine kwenye barabara yetu ya njia mbili na dereva akataka kuovateki, itambidi atoe karibu lori zima nje ndipo aone kinachokuja. Ukikutana nalo limechungulia namna hiyo, usianze kushindana nalo kwa honi na taa. Punguza mwendo mapema, mpe nafasi ya kurudi.

Mtego mwingine uko penye zebra, na unawanasa watu wanaofuata sheria. Kwenye barabara ya njia mbili au tatu kwa kila upande, gari la kwanza linasimama kumpisha anayevuka. Anashukuru, anaanza kuvuka. Gari lililosimama, hasa likiwa daladala au lori, limemziba kabisa asionekane na anayekuja njia ya pili. Huyu wa pili anaona tu mwenzake kasimama, pengine anadhani anashusha abiria, na anapita. Yule aliyesimama kwa wema ndiye aliyekuwa pazia. Ndiyo sababu dereva anayesimama kumpisha mtu anapaswa kusimama mita kadhaa kabla ya zebra, asiikaribie mpaka mstari wa mwisho, na ndiyo sababu sheria inakataza kulipita gari lililosimama mbele ya kivuko. Mwenda kwa miguu naye, akifika mwisho wa gari lililompisha, asimame, achungulie, ndipo aendelee. Watoto wafundishwe hatua hii ya kuchungulia mara ya pili. Wengi wanafundishwa kuangalia kulia, kushoto na kulia tena wakiwa bado pembeni, kisha wanaambiwa wavuke haraka. Penye njia nyingi hilo halitoshi.

Na daladala kituoni: bodaboda anayepita kushoto kwake, kati ya mlango na kituo, anawakuta abiria wakishuka. Hakuna konda anayeweza kumzuia kwa mkono kila mara. Mwenye pikipiki anayefanya hivi hana la kujitetea hata kidogo.

Baiskeli uso kwa uso na magari

Kuna jambo moja linalochanganya hata watu wazima. Mwenda kwa miguu, pasipo na njia yake, anashauriwa kutembea upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia. Mwendesha baiskeli anatakiwa aende kushoto, pamoja na magari. Wengi wameichukua kanuni ya kwanza wakaihamishia kwenye baiskeli: "Bora nione kinachoniua." Ni fikra inayoeleweka, lakini ina kasoro mbili.

Ya kwanza ni mwendo. Mwenda kwa miguu anakwenda taratibu na anaweza kuruka pembeni kwa hatua moja. Baiskeli ikiwa na kilomita 15 kwa saa na gari 50, wakienda upande mmoja tofauti yao ni 35. Dereva ana muda wa kuona, kupima na kukwepa. Wakikutana uso kwa uso wanakaribiana kwa 65, na mwenye baiskeli hana pa kurukia kwa sababu amekaa juu ya chombo.

Ya pili haionekani kwa haraka, nayo ni mbaya zaidi. Dereva anayetoka mtaani kuingia barabara kubwa na kukata kushoto anaangalia kulia, kwa sababu magari yanatoka kulia. Shingo yake imegeukia huko, anasubiri mwanya, akiupata anaondoka. Mwendesha baiskeli anayekuja kinyume anatokea kushoto kwake, upande ambao dereva hana sababu ya kuutazama. Anagongwa na gari lililokuwa limesimama sekunde moja iliyopita. Wote wawili wataapa kwamba mwenzake ametokea ghafla, na wote watakuwa wanasema wanachokiamini.

Lakini kabla ya kumlaumu mwenye baiskeli, mtazame kwanza aliyebeba mkaa. Magunia mawili yamefungwa nyuma kwa mpira, la tatu limelazwa juu yake. Usukani ni mwepesi mpaka gurudumu la mbele linataka kuinuka, na breki za chuma zinakwaruza rimu bila kushika vizuri. Akifika kwenye barabara pana kama ile ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kibaha, na mteja wake yuko mita 300 nyuma upande huohuo aliopo, sheria inamtaka avuke njia zote, arudi, kisha avuke tena. Mahali pa kuvukia pako mbali, na penye daraja la juu huenda pana ngazi. Hawezi kupandisha mkaa ngazini. Kwa hiyo anakwenda kinyume, ukingoni, ameinamisha kichwa. Kosa ni lake kisheria. Ila aliyechora barabara ile bila kumfikiria mtu mwenye baiskeli ndiye aliyeamua mapema kwamba kosa hilo litafanyika kila siku.

Dereva anayempita mtu kama huyo ampe nafasi ya mita moja na nusu, na akikosa nafasi hiyo asubiri nyuma. Upepo wa basi kubwa linalopita karibu humsukuma mwendesha baiskeli kwanza nje, kisha humvuta ndani kuelekea matairi ya nyuma. Aliyebeba mzigo hawezi kuurudisha usukani kwa wepesi. Kumpigia honi kali ukiwa nyuma yake kabisa ni kumfanya ageuke, na akigeuka baiskeli nayo inafuata.

Usiku mambo huwa mabaya zaidi kwa sababu rahisi kabisa: taa za gari zikiwa zimepunguzwa humulika makumi machache ya mita, na mtu mwenye nguo nyeusi huonekana dereva akiwa ameshafika. Kipande cha kurudisha mwanga nyuma ya baiskeli au kwenye begi la mtoto huonekana kutoka mbali mara kadhaa ya hapo, na bei yake ni ndogo. Dereva naye anayekataa kupunguza fulu anampofusha mwenzake kwa sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo mwenzake anaendesha kwa kukisia tu ukingo wa barabara uko wapi.

Hesabu ya jioni

Tunawauliza madereva kwa nini wanakimbia, kana kwamba jibu liko kwenye tabia zao tu. Tumuulize pia mwenye chombo.

Daladala nyingi huendeshwa kwa hesabu. Dereva anamkabidhi tajiri kiasi maalumu kila jioni, anatoa ya mafuta, anagawana na konda kinachobaki. Siku ikiwa mbaya, foleni ikiwa ndefu, hesabu haipungui. Kwa hiyo abiria anayesimama kituoni ni pesa inayogombaniwa na magari matatu ya njia moja, na anayewahi ndiye anayempata. Kule kuchomekea mbele ya mwenzako na kusimama ghafla katikati ya barabara, ambako tunakuita ukorofi, kumejengwa ndani ya mkataba wenyewe. Mshahara wa mwezi na ratiba vingeondoa sehemu kubwa ya ugomvi huo bila mahubiri yoyote. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwaka 2016 yalionyesha tofauti: dereva wake hana sababu ya kugombea kichwa cha abiria. Shida yao imekuwa nyingine, ya bodaboda na bajaji kuingia kwenye njia yao na watu kuvuka wakiangalia upande mmoja tu, ilhali mabasi hupita pande zote mbili katikati ya barabara.

Kwa bodaboda hali ni ileile, na pengine ngumu zaidi. Kijana anachukua pikipiki kwa mkataba: analipa kila siku au kila wiki mpaka baada ya mwaka na kitu chombo kiwe chake. Kila safari anayoikosa inamrudisha nyuma. Wengi wamejifunza kuendesha kwa rafiki, jioni, kwenye uwanja wa mpira, wakaambiwa wasiguse breki ya mbele kwamba itawaangusha. Kumbe kwenye pikipiki breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha. Anayetegemea ya nyuma peke yake anahitaji umbali mrefu zaidi, na kwenye lami iliyoanza kuloa tairi litateleza. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko inayoendelea kunyesha, maana inachanganyika na vumbi na mafuta yaliyoganda juu ya lami kabla hayajasombwa.

Faini haijaushinda mkataba. Katika bajeti ya 2021/22 serikali ilishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, kwa hoja kwamba ile ya awali ilikuwa inawaumiza kuliko magari makubwa. Hoja ina ukweli. Lakini iwe 10,000 au 30,000, kijana anaipima kama gharama ya kazi, pamoja na petroli na oili. Kinachobadilisha mwendo wake kwa haraka ni abiria aliye mgongoni, na hili abiria hawalitumii. Nimesikia mama mmoja akimwambia dereva wake kabla hajapanda: "Mdogo wangu, mimi sina haraka, twende taratibu. Nitakulipa ileile." Kijana akacheka, akajibu, "Haya mama, usiwe na wasiwasi," na akaenda taratibu kweli. Kauli ile imemwondolea shinikizo moja aliloamini analo. Abiria anayesema "nimechelewa, kanyaga" ameingia naye kwenye kosa.

Kofia ngumu nayo ivaliwe ikiwa imefungwa kidevuni. Kofia isiyofungwa huchomoka kwenye kishindo cha kwanza, na kichwa hupiga lami kwenye cha pili. Tafiti zilizokusanywa na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, zilionyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kifo kwa mwenye pikipiki kwa kama asilimia 42, na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Wanaokwepa kofia ya abiria kwa sababu ya jasho la waliotangulia wana hoja ya usafi. Kitambaa chepesi cha kufunika nywele kinaitatua.

Barabara inayokubali kwamba watu hukosea

Mwaka 1997 bunge la Sweden lilipitisha mwelekeo mpya wa usalama barabarani. Msingi wake ulikuwa kwamba binadamu atakosea tu, leo na kesho, na mwili wake una kikomo cha kipigo unachoweza kustahimili. Kwa hiyo barabara na magari vipangwe ili kosa lisizae kifo. Penye watu wa miguu na magari pamoja, mwendo usizidi 30. Penye mwendo mkubwa, watu watengwe na magari kwa ukuta, uzio au njia yao. Madereva wa Sweden hawakuzaliwa watakatifu. Wanakosea kwenye barabara inayowasamehe wao na wale wanaokutana nao.

Na hatuhitaji kwenda Ulaya kuona mfano. Hapahapa Dar es Salaam Amend, shirika la usalama barabarani, limekuwa likifanya kazi ndogondogo kuzunguka shule za msingi zilizo kwenye maeneo yenye ajali nyingi za watoto: njia ya miguu, zebra iliyopakwa rangi upya, tuta kabla ya kivuko, nguzo za kuzuia magari kupanda pembeni, na pengine kuhamisha geti la shule ili watoto wasimwagike moja kwa moja kwenye barabara kubwa. Tathmini ilionyesha majeraha ya watoto yalipungua kwa takribani robo. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute, ikiwa ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Madereva wanaopita pale ni walewale wa daladala na bodaboda. Hawakupelekwa semina. Tuta limewapunguzia mwendo mpaka mtaa wote ukaingia ndani ya zile mita 13.

Ndiyo maana naona tunapoteza nguvu nyingi kuomba madereva wabadilike, na nguvu kidogo mno kuomba vitu vyenye anwani. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali. Za mijini na vijijini, ikiwemo mitaa mingi inayopita mbele ya shule na masoko, ziko chini ya wakala mwingine, TARURA, tangu mwaka 2017. Barua ya kudai tuta au kivuko inaanzia serikali ya mtaa, ipitie kwa diwani, ifike kwa meneja wa wilaya wa TARURA au meneja wa mkoa wa TANROADS, nakala kwa mkuu wa trafiki wa wilaya. Iandikwe jina la barabara na alama ya karibu, saa ambazo watoto huvuka, tarehe za ajali zilizotokea, picha ya mahali penyewe, na kinachoombwa kitajwe waziwazi: tuta moja kabla ya zebra kila upande, rangi, nguzo, taa. "Tunaomba mtuangalie" haijengi kitu.

Na kama barabara ndiyo kwanza inajengwa, waulizeni mapema watu wenye baiskeli na mikokoteni watavukia wapi, wakati michoro bado inaweza kurekebishwa na mkandarasi bado ana mitambo yake hapo mtaani. Baada ya kukabidhi na kuondoka, tuta lilelile litahitaji bajeti mpya, zabuni mpya, na pengine mwaka mzima wa kufuatilia.